Wahasibu wapya: kazi zenye tarehe kwanza, zenye kelele baadae

Wadogo zangu mnaoanza uhasibu kwenye hizi kampuni ndogo ndogo za Bongo, mtachoka bure msipojua hili. Ofisini kila mtu atakuita, huyu anataka petikashi ya nauli, yule anatafuta invoisi ya mwaka juzi, bosi nae anataka ripoti yenye marangi rangi, na wewe kwa vile mgeni unataka uonekane mchapakazi basi unamkimbilia kila anayeita, jioni uko hoi afu kazi yenyewe hujaigusa.

Angalia kalenda. PAYE (kodi inayokatwa kwenye mishahara) na SDL (tozo ya ufundi stadi anayolipa mwajiri) za mwezi uliopita mwisho tarehe 7, VAT (kodi ya ongezeko la thamani) mwisho tarehe 20. TRA, hao mamlaka ya mapato, hawana habari kwamba ulikuwa unapanga mafaili, ukichelewa ni penati na riba. Kwa hiyo wiki ya kwanza wewe na mishahara tu, ukimaliza hamia VAT, na hapa ndo pa kukaza: usisubiri tarehe 18 ndo uanze kusaka risiti za EFD (zile za mashine ya kodi) za manunuzi, utakuta dereva kaziacha kwenye dashibodi jua limefuta wino wote, nyingine hazina hata TIN (namba ya mlipa kodi) yenu, na risiti ya hivo maana yake ile 18% mliyolipa dukani mtapata shida kuidai TRA. Mi nazikusanya kila Ijumaa napiga picha palepale. Anza na kubwa, nondo za milioni 10 zina VAT ya milioni 1.8 juu yake, vikaratasi vya kalamu vitafuata.

Madeni nayo hivo hivo. Panga wadaiwa kwenye Excel kutoka mkubwa kushuka, mara nyingi watatu wanne wa juu ndo wameshikilia hela yenu (yule mchumi Mtaliano Pareto aliliona hili kwenye umiliki wa ardhi kwao, sisi tunaliona kwa wakopaji). Hao wapigie asubuhi kabla hawajaingia vikaoni, wa elfu 30 tuma meseji.

Sasa bosi akikuletea la kwake katikati? Usimkatalie, we mgeni bado. Mwambie "sawa bosi, niko na PAYE ya keshokutwa, niisimamishe au hii nikuletee saa kumi?" Wengi wakisikia TRA watakwambia endelea. Petikashi toa saa nne na saa tisa tu, watanuna wiki ya kwanza afu watazoea.