Maswali ya wasomaji: Tucson, mji wa udongo na chokaa

SWALI: Katika picha za kanisa la San Xavier del Bac, karibu na Tucson huko Arizona, mnara mmoja una kuba na mwenzake hauna. Ulibomoka? Na ni kweli lipu yake huchanganywa na maji ya mpungate?

JIBU: Haukubomoka, haukumalizwa tu. Misheni yenyewe ilianzishwa na padri Mjesuiti Eusebio Francisco Kino mwaka 1692, lakini kanisa linaloonekana leo lilijengwa na Wafransisko kati ya 1783 na 1797, kwa nguvu za mafundi na vibarua wa Kio'odham, wenyeji wa asili wa eneo hilo. Kuhusu mnara wanasimulia mengi; linalosemwa zaidi ni kwamba fedha ziliisha.

Habari ya mpungate ni kweli, na chanzo chake ni saruji. Kuta ni za matofali ya kuchoma yaliyoungwa kwa chokaa. Katika karne ya 20 zilipigwa lipu ya saruji kwa kudhani ni imara zaidi. Saruji ni ngumu kuliko tofali lililo chini yake, na haipitishi unyevu. Jua la mchana na baridi ya usiku vikiitanua na kuibana, hufanya nyufa nyembamba kama unywele. Mvua za Julai hadi Septemba huingilia humo, na maji yakishaingia hayana pa kutokea. Tofali hulainika, chumvi husukumwa kuelekea ndani, na michoro ya ukutani huanza kubanduka.

Tiba yake ni kung'oa saruji yote, kubadilisha matofali yaliyooza, kisha kupiga lipu ya mchanga na chokaa iliyozimwa, yaani iliyotiwa maji, tabaka jembamba baada ya jembamba. Vipande bapa vya mpungate hukatwakatwa na kulowekwa mpaka maji yawe na mlenda kama wa bamia, yakachujwa na kutumika kukorogea lipu. Mlenda huo huifanya lipu ishike ukuta, na huzuia maji yasikauke haraka. Hapo ndipo penye kazi: chokaa hukomaa polepole kwa kunywa hewa ya kaboni, na ikikaushwa na jua kabla ya wakati wake hubaki unga unaofutika kwa kidole. Ikikomaa vizuri, hukinga mvua huku ikiruhusu mvuke utoke.

SWALI: Mji huu ulianzishwa na Wamarekani?

JIBU: La. Ngome ya San Agustín del Tucson iliwekwa tarehe 20 Agosti 1775 na Hugo O'Conor, Mwairishi aliyekuwa afisa wa jeshi la Hispania. Mwaka 1821 mji ukawa wa Meksiko. Mwaka 1854 Marekani iliununua pamoja na eneo zima la kusini mwa mto Gila, kwa dola milioni 10. Ila kabla ya hao wote watu walikuwa wakilima kando ya mto Santa Cruz kwa zaidi ya miaka 4,000. Kilimo hicho ni miongoni mwa sababu za UNESCO kuutambua kuwa mji wa mapishi mwaka 2015, wa kwanza Marekani.

SWALI: Nina siku moja tu. Nianzie wapi?

JIBU: San Xavier, asubuhi. Ni kama kilomita 15 kusini kwa barabara ya I-19, ambayo vibao vyake vya umbali viko kwa kilomita, jambo adimu Marekani. Eneo ni la taifa la Tohono O'odham na misa bado zinasomwa, kwa hiyo ibada ikiendelea kamera ibaki mfukoni. Kuanzia Juni joto hupita nyuzi 38, beba maji.

Kisha nenda Barrio Viejo, mtaa wa nyumba za matofali mabichi zilizopanga kuta zao ukingoni mwa njia. Sehemu kubwa ilibomolewa mwishoni mwa miaka ya 1960 kupisha ukumbi wa mikutano, hasara ambayo mji haujaifidia. Hapo kuna El Tiradito, mahali pa kuwasha mishumaa kwa ajili ya mtu aliyekufa katika dhambi. Inasemekana mshumaa ukiwaka hadi asubuhi, ombi limekubaliwa. Wengi hukimbilia Hotel Congress kwa sababu ya jambazi John Dillinger, aliyekamatwa mjini humo Januari 1934 baada ya hoteli kuungua na genge lake kutambuliwa. Dakika kumi zinaitosha.