Mtoto aliungua, vidole vikajikunja: msingoje akue (yaliyotukuta sisi)

Dada, poleni sana wewe na kaka yako. Umeandika kwamba mtoto wa kaka yako ana miaka 6, aliungua maji ya moto akiwa na miaka 2, na vidole vitatu vya mkono wa kulia vimelala kiganjani, havinyooki. Kwamba hospitali mliyoanza nayo iliwaambia msubiri akue kwanza. Na baba mkubwa anasema upasuaji wa namna hiyo ni wa urembo, mtoto wa kiume wa nini. Nakujibu kwa urefu kwa sababu maneno hayo yote mawili niliambiwa na mimi, na la kwanza nililitii.

Wangu alitumbukiza mkono kwenye sufuria la uji akiwa na mwaka mmoja na miezi minne. Uji ni mbaya kuliko maji kwa sababu unanata, unaendelea kuunguza hata ukishamtoa. Jirani kwa huruma zake akampaka dawa ya meno. (Mzazi mwingine unayepita hapa: ni maji ya bomba yanayotiririka, dakika 20, kisha hospitali. Usipake kitu.) Kidonda kilichukua karibu miezi miwili kufunga, tukamshukuru Mungu, tukajua yameisha. Kumbe kovu changa halitulii. Kwa miezi mingi, hata mwaka na zaidi, linakuwa gumu, jekundu, linawasha, na muda wote huo linavuta. Mkononi linavuta vidole kuelekea kiganjani, shingoni linavuta kidevu kuelekea kifuani. Hakuna aliyetuambia tumfunge kibao cha kunyoosha vidole tangu mwanzo.

Sasa hilo la kusubiri. Daktari akisema tusubiri kovu likomae, hiyo inaweza kuwa sababu ya kweli, ila huku mtoto amefungwa kibao na anafanyishwa mazoezi. Kusubiri mtoto akue ni jambo jingine kabisa. Mfupa unakua, kovu halikui naye. Kila mwaka kidole kinazidi kuvutwa, na baada ya muda si ngozi peke yake iliyofupika, ni mishipa na kano za ndani, hadi maungio yenyewe yanakaa upande. Wa kwenu ana miaka minne na kovu hilo, limeshakomaa siku nyingi. Nendeni sasa.

Na baba mkubwa mwambieni hivi: mwanangu alikuwa anakula kwa mkono wa kushoto. Kila tukienda ugenini mzee mmoja lazima amkemee, na mtoto anaficha mikono yote miwili chini ya meza, anasema ameshiba. Huo si urembo. Hata madaktari watatu walioanzisha AMREF mwaka 1957, ile ya madaktari wa ndege, Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees, wote walikuwa wapasuaji wa kazi hii hii ya kurekebisha maumbile. McIndoe alijulikana kwa kuwatengeneza upya nyuso na mikono marubani walioungua kwenye Vita Kuu ya Pili.

Upasuaji wenyewe: mara ya kwanza tulirudishwa kwa sababu ya mafua na damu kuwa chini, maana ni nusu kaputi. Wakati mwingine kovu likiwa ni ukanda mwembamba, wanalikata mfano wa herufi Z na kuzibadilisha nafasi zile pembe, urefu unapatikana bila kuleta ngozi kutoka sehemu nyingine ya mwili. Letu lilikuwa pana. Wakalikata, vidole vikanyooka, likabaki pengo bichi, wakachukua ngozi nzima ya kinenani na kuishona pale. Ngozi ile siku za kwanza haina damu yake, inaishi kwa unyevu wa kidonda hadi mishipa midogo iingie. Ndiyo maana wanaifunga bandeji nene na hawataki iguswe. Siku ya tano nesi alipoilowanisha na kuifungua, nilishika ukingo wa kitanda: ngozi ilikuwa nyeusi, inabanduka kama ganda la kitunguu. Nikajua imekufa. Nesi akaniinamisha nitazame vizuri. Chini ya lile ganda kulikuwa na rangi ya waridi, mbichi. "Imeshika mama," akasema. Basi ukiuona weusi ule usipige kelele kabla ya kuuliza.

Kosa langu lilikuja nyumbani. Tulipewa kibao cha kuvaa usiku na mazoezi ya mchana. Mtoto akilia, bibi yake anakivua, na mimi nikichoka nakaa kimya. Hata ngozi iliyopandikizwa inavuta ikiachwa. Ndani ya miezi mitano vidole viwili vilikuwa vimeanza kurudi. Tukaenda mara ya pili, safari hii wakamwekea na vichuma vyembamba ndani ya vidole, vikakaa wiki tatu. Kama ningeweza kukupa kitu kimoja tu ni hiki: kabla ya kusaini fomu, kaeni kikao cha familia, mkubaliane nani atamvalisha kibao kila usiku kwa miezi isiyopungua sita, na kwamba hakuna atakayekivua kwa huruma. Sisi tulikifunga kwa kipande cha kanga, juu yake soksi ndefu hadi kiwikoni. Asubuhi na jioni kovu likasuguliwa kwa mafuta ya mgando, dole gumba likikandamiza polepole, huku nikimhesabia hadi mia.

Ngozi ya kinenani ikikaa kiganjani inabaki nyeusi kuliko kiganja, mjiandae na hilo. Mwombeni daktari aichukue upande wa nje, pasipoota nywele akibalehe. Na anaweza kuhitaji kurudishwa tena kadiri anavyokua. Si kwamba upasuaji umeharibika.

Mkiwa Dar au mnaweza kufika, ulizeni Muhimbili au hospitali ya CCBRT pale Msasani. Pesa zikiwa shida, kabla ya kukata tamaa pitieni dawati la ustawi wa jamii la hospitali, mwombe msamaha wa gharama za matibabu.

Wangu sasa ana miaka 9. Kidole cha mwisho hakinyooki chote. Lakini anamega ugali kwa mkono wa kulia, anaufinyanga tonge, anabonyeza shimo la mchuzi kwa dole gumba. Mkishapewa tarehe ya kliniki niandikie hapa, nitakupigia picha ya kibao na jinsi tulivyokuwa tunakifunga.