Wakala anaita zana isiyo sahihi: anza kurekebisha maelezo

Umeuliza kwa nini wakala wako (programu ya akili mnemba inayofanya kazi kwa kuita zana, yaani funksheni ulizoipa) anaita zana ya tafuta_mteja hata mtu anapotaka kujua oda yake imefika wapi, na maelezo uliyobandika ni haya: kwa tafuta_mteja, “Hutafuta taarifa za mteja”, na kwa pata_oda, “Hutafuta taarifa za oda”. Usibadilishe modeli ya lugha inayomwendesha kwanza. Tatizo liko kwenye sentensi hizo mbili.

Modeli haioni msimbo wako. Inaona jina la zana, maelezo yake na skima ya vigezo (orodha ya taarifa ambazo zana hupewa na aina zake), basi. Maoni uliyoandika ndani ya funksheni na mpangilio wa hifadhidata haviifikii. Na kwa kuwa oda ni ya mteja, kwa maelezo yako zana zote mbili zinafaa. Hapo inabaki kubahatisha.

Maelezo ya pata_oda yangeweza kusomeka hivi:

“Hurudisha oda moja kwa namba yake: hali (imepokelewa, imetumwa, imefika, imefutwa), tarehe ya kutumwa na jumla ya malipo. Itumie mtu anapouliza oda imefika wapi na namba ya oda inajulikana. Usiitumie kutafuta kwa jina au simu. Anza na tafuta_mteja, ambayo hurudisha namba za oda za mteja huyo. Hairudishi anwani.”

Sentensi inayofanya kazi kubwa hapo ni ya tatu, ile ya “usiitumie”. Wengi huandika zana inafanya nini wakasahau kuweka mpaka na kutaja jirani yake kwa jina. Weka mpaka huo pande zote mbili, yaani tafuta_mteja nayo iseme kwamba haitoi hali ya oda. Herufi kubwa na “MUHIMU SANA, LAZIMA” haviwezi kushika nafasi ya mpaka huo. Mara nyingi vinafanya zana iitwe hata pasipohitajika.

Kwenye vigezo, “id” ni jina baya. Andika namba_ya_oda, aina yake iwe maandishi (ukiweka namba, sifuri za mwanzo zinapotea), na toa mfano: “OD-00418”. Tarehe ipe muundo mmoja, 2025-04-03, kwa sababu 03/04/2025 ni Aprili kwa mmoja na Machi kwa mwingine. Kiasi cha fedha kitaje ni senti au fedha kamili. Pale ambapo majibu yanayokubalika yanahesabika, yaorodheshe kwenye enum (orodha ya thamani zinazoruhusiwa ndani ya skima) badala ya kuyaeleza kwa maneno.

Angalia sana vigezo vya lazima. Ukilazimisha kitu ambacho mtumiaji hajakitaja, modeli ina njia mbili: kuuliza au kubuni, na kubuni hutokea kuliko unavyodhani. Kwa hiyo kiwe cha lazima kile tu ambacho zana haiwezi kwenda bila hicho, na andika wazi: “Kama namba haijatajwa, muulize mtumiaji.”

Ujumbe wa hitilafu nao ni sehemu ya maelezo, ila unasomwa baadaye. “Hitilafu 400” (msimbo wa kusema tu kwamba ombi ni baya) haifundishi chochote, na huenda wakala akarudia ombi lile lile. “Namba ya oda huanza na OD- kisha tarakimu 5, umetuma 418” anaweza kujirekebisha nayo. Oda isipopatikana, sema haikupatikana; jibu tupu linaweza kusomwa kama mfumo umekwama.

Idadi ya zana: maelezo yote husafiri na kila ombi na kula tokeni (vipande vya maandishi ambavyo modeli husoma), kwa hiyo zinazofanana ziunganishe. Ila kusoma na kufuta visikae zana moja, maana itakuwa vigumu kuweka uthibitisho wa binadamu kwenye kufuta peke yake. Ukiunganisha seva za MCP (itifaki ya kumuunganisha wakala na zana za nje) za watu wengine, maelezo yao yanaingia kwenye muktadha huo huo ambao modeli inausoma. Yasome kabla hujayaamini.

Kupima: andika maswali 20 hadi 30, mengine yasiyohitaji zana kabisa, na kila moja uliendeshe mara kadhaa kwa sababu modeli haijibu vilevile kila safari. Soma kumbukumbu za miito, si jibu la mwisho pekee. Jibu linaweza kuwa sahihi baada ya miito mitatu ya ovyo. Badilisha maelezo ya zana moja kwa wakati, kisha rudia seti nzima, kwa kuwa pata_oda ikivutia zaidi inaweza kuanza kunyang’anya miito halali ya tafuta_mteja.