Jibu: Nilimwambia bosi "gokurousama", akanyamaza

Habari ndugu. Umeuliza kwa nini bosi wako huko Osaka, Japani, alinyamaza ulipomwambia "gokurousama desu" (yaani ahsante kwa kazi yako) mkitoka kazini. Hukumtukana, ila neno hilo hushuka tu: mkubwa humwambia mdogo, kama vile wewe umwambie mzee "marahaba" badala ya "shikamoo". Mimi pia nililikosea, mwenzangu akanivuta pembeni.

Kwanza angalia unaongea na nani. Kwa bosi na wenzako sema "otsukaresama desu", ambayo masikioni mwangu ni "pole na kazi" yetu kabisa. Hata mkipishana koridoni mchana inafaa. Ukitangulia kutoka, sema "osaki ni shitsurei shimasu", yaani samahani nawatangulia. Wao watakujibu otsukaresama. Kesho anza nayo tu, wala usirudie kuomba radhi.