Nililipua Dodoma Mara Tisa, Msomaji Akasinzia

Juzi kijana mmoja anayeandika hadithi ya upelelezi amenitumia ujumbe: "Kaka, bomu la nne nilipulie wapi? Stendi, soko na benki nimeshamaliza." Nilicheka peke yangu kwenye daladala ya Kikuyu mpaka konda akanigeukia. Swali hilo niliwahi kujiuliza mimi, na nikalijibu vibaya mara tisa.

Wakati huo nilikuwa narusha hadithi yangu kwenye kundi la WhatsApp, sehemu moja kila Ijumaa jioni. Mlipuaji wangu alianza na Nyerere Square, akaenda stendi ya Nzuguni, akahamia Mji wa Serikali kule Mtumba. Sehemu tatu za kwanza watu walinibeba. "Shusha vitu mkuu!" "Usitubanie!" Kufika bomu la sita, kundi limepoa. La saba, dada mmoja akaandika: "Huyu jamaa hana kazi nyingine?" Hakuwa anatania. Bomu la kwanza linamshtua msomaji. La sita ni kelele, na mtu aliyelala jirani na jenereta hashtushwi na kelele.

Nikachapisha yote steshenari, kurasa 84, nikampelekea mzee jirani yetu, mpelelezi mstaafu. Baada ya wiki mbili akaniita kijiweni Majengo, kwenye kahawa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Kunywa kwanza, maana utaihitaji."

Akafungua ukurasa wa tatu. Hapo inspekta wangu anafika kwenye tukio kabla moshi haujaisha, anainama, anaokota kipande cha waya, anakitia kwenye mfuko wa shati na kukunja uso kama waigizaji wa sinema. Pembeni, kwa biro nyekundu na herufi kubwa, mzee alikuwa ameandika: KESI IMEFIA HAPA.

"Kwanza," akasema, "huyu mkubwa wako amekufa. Bomu likilipuka, huendi pale mpaka wategua mabomu wapite. La pili huwa linawasubiri nyinyi mnaokuja kutazama la kwanza. Haya, tuseme amepona. Hiki kipande, wakili atamuuliza: mfukoni mlikuwa na nini kingine? Atajibu nini, ugoro?"

Halafu akanieleza kitu ambacho nisingekipata kwenye sinema yoyote. Kipande kile kinapigwa picha kikiwa palepale kilipoangukia. Kinatiwa kwenye bahasha, bahasha inafungwa na kuandikwa. Aliyekiokota anasaini, mtunza vielelezo anasaini kukipokea, anayekipeleka kwa Mkemia Mkuu wa Serikali anasaini, na huko nako wanasaini kabla na baada. Mkono mmoja ukikosekana kwenye mnyororo huo, mahakamani utetezi unaingilia hapohapo. Niliposikia hivyo kichwa kikaanza kufanya kazi: nani kwenye kituo changu cha kubuni anaweza kusahau kusaini, na kwa nini? Dakika tano za mazungumzo zilinipa taharuki kuliko mabomu yangu yote tisa.

Akanikumbusha pia upepo. Mimi ni mtu wa Dodoma, lakini riwaya yangu ingeweza kutokea popote. Mwezi wa saba upepo wetu unabeba mchanga, mifuko ya plastiki, hata bati lililopigiliwa kivivu. Eneo la tukio usipolizungushia utepe na kuweka walinzi mapema, asubuhi ushahidi uko Chang'ombe. Sasa nimewapanga askari wangu kwenye mstari, bega kwa bega, wanatembea polepole wakitazama chini, na wengine wanachekecha vumbi kwa chekecheo la mchanga wa ujenzi. Koplo mmoja anapiga chafya kila baada ya dakika mbili. Wasomaji wamempenda huyo koplo kuliko inspekta, na sijui nifanyeje.

Sasa nirudi kwa yule kijana. Kabla hujachagua pa kulipulia, muulize mlipuaji wako nani alimkosea, lini, na alimwandikia barua ngapi kabla ya kukata tamaa.

Mtu aliyenifundisha hilo anaitwa George Metesky, Mmarekani. Mwaka 1931 aliumia kazini kwenye kampuni ya umeme New York. Akadai fidia, akakataliwa kwa maelezo kwamba amechelewa kudai. Mwaka 1940 akaanza kutega mabomu, na mpaka 1956 alikuwa ametega 33: vituo vya treni, kumbi za sinema, maktaba. Yaliyolipuka ni 22, watu 15 wakajeruhiwa. Vita Kuu ya Pili ilipowafikia Wamarekani aliandika barua kwamba anasitisha kwa uzalendo, na kweli akasitisha miaka kadhaa. (Ningebuni mimi hilo, mngenishambulia kwamba nadanganya.) Kila mtu anasimulia habari za daktari wa akili James Brussel, aliyetabiri kwamba mtu huyo akikamatwa atakuwa amevaa suti ya vifungo safu mbili. Ila faili la Metesky lilipatikana kwa mikono ya karani wa kampuni ileile, Alice Kelly, Januari 1957. Alikaa na mafaili ya zamani ya waliodai fidia, akakutana na maneno yanayofanana na ya barua zilizochapishwa magazetini. Siku chache baadaye Metesky alikamatwa nyumbani kwake.

Theodore Kaczynski naye, aliyetuma na kutega mabomu 16 kati ya 1978 na 1995, akaua watu 3 na kujeruhi 23, aliangushwa na maandishi. Aling'ang'ania andiko lake la maneno kama 35,000 lichapishwe. Likachapishwa Septemba 1995, ndugu yake David na mkewe wakalisoma, wakamsikia mtu wao akiongea humo ndani. Aprili 1996 akakamatwa Montana.

Niliposoma habari hizo nikaona uandishi wa Kiswahili umekalia hazina. Sisi tunajulikana kwa barua zetu! Mlipuaji wangu mpya ni mtumishi aliyeachishwa kazi na akapunjwa fidia ya kiwanja, na ofisi alizozunguka sijazitaja kwa majina, wala wewe usitaje. Barua yake ya kwanza ya vitisho inaanza na "YAH:" kwa herufi kubwa, imepigiwa mstari. Inafuata "Tafadhali rejea kichwa cha habari hapo juu." Mwisho kabisa: "Naomba kuwasilisha." Na chini, badala ya jina, "Kny: WALIODHULUMIWA". Mtu wa mtaani hatishii watu kwa mtindo huo. Huyo amekaa ofisini miaka ishirini, na hata hasira zake zina kumbukumbu namba.

Kisha nikampa kosa dogo moja. Kila mahali anaandika "fidhia", kwa dh, kama wanavyofanya watu wanaojitahidi mno kuandika Kiswahili sanifu. Inspekta halioni. Anayeliona ni mama wa masijala, ambaye miaka tisa nyuma alipokea barua tatu za kukumbushia, zote na "fidhia" hiyohiyo, na kila moja aliipeleka juu ikarudi na dokezo la neno moja: Hifadhi.

Mambo mengine niyapitie haraka. Usimwache mlipuaji apige simu kutishia. Tangu mwaka 2019 laini zetu zinasajiliwa kwa alama za vidole, kwa hiyo ama akamatwe kwenye sura ya pili ya kitabu, ama ueleze vizuri laini ni ya nani. Mimi nilimpa boksi linalosafirishwa kwa basi, jina la mpokeaji limeandikwa kwa maka peni, ili upelelezi uende kwa mpokea mizigo anayekumbuka tu kwamba mtumaji alidai risiti. Upekuzi wa nyumba usifanywe kwa teke la mlango saa tisa usiku. Muite mwenyekiti wa mtaa ashuhudie, na umpe na tabia yake, kwa sababu wenyeviti wa mitaa ni utajiri.

Jinsi bomu linavyotengenezwa usiliandike. Halimsaidii msomaji, na linaweza kumsaidia mwingine. Andika lilikotoka. Baruti na fataki za kupasulia mawe ni vitu vya vibali na maghala, kwa hiyo mpelelezi wako ana mlango: machimbo ya kokoto, daftari la ghala, na tarakimu moja iliyofutwa ikaandikwa upya.

Na majeruhi. Kwenye rasimu ya kwanza nilimuua mama ntilie kwa nusu sentensi, nikaendelea na inspekta wangu. Nchi hii inaijua tarehe 7 Agosti 1998, watu 11 walipokufa kwenye ubalozi wa Marekani Dar es Salaam, na wengi wetu bado tunakumbuka tulikuwa wapi siku hiyo. Kwa hiyo nikarudi kwa yule mama. Nikampa siku nzima: kuni zilizolowa, deni la mchele, mteja anayemsalimu "mbukwenyi" kila asubuhi na hajawahi kulipa kwa wakati. Bomu likaja ukurasa wa 41. Ijumaa ile kundi lilikaa kimya, ila kimya chake sicho kile cha bomu la saba.

Rasimu mpya ina mabomu mawili tu, na kurasa 130. Nimempelekea mzee. Safari hii amekaa nayo mwezi mzima, na wiki iliyopita kaniita tena Majengo. Alama nyekundu ilikuwa moja, ukurasa wa 97, koplo wa chafya anapokabidhi bahasha ya vielelezo.

"Huyu kijana wako," mzee akasema, akigonga pale kwa kidole, "saa ya kupokea hajaandika."