Amefungwa, rufaa bado: dhamana ipo?

Barua nyingi wiki hii zinahusu jambo moja: ndugu amefungwa na mahakama ya hakimu hapa Kenya, rufaa yake iko Mahakama Kuu, na jamaa wanataka aisubiri akiwa nyumbani. Nazijibu nne.

Mwanangu alikuwa nje kwa dhamana muda wote wa kesi na hakukosa kufika kortini hata siku moja. Amepewa miaka mitatu, na hakimu amemnyima dhamana ya kungoja rufaa. Kwa nini? (Mama, Kisauni)

Pole sana, mama. Dhamana ya kwanza ilikuwa haki yake kwa Kifungu cha 49 cha Katiba, kwani alihesabiwa hana hatia. Hukumu iliposomwa, kinga hiyo ikaisha. Sasa yeye ni mfungwa mpaka jaji aseme vingine, na dhamana ya kungoja rufaa, iliyo katika kifungu cha 357 cha sheria ya mwenendo wa kesi za jinai, hutolewa kwa hiari ya mahakama. Yeye ndiye wa kuishawishi. Kutokimbia kwake kunasaidia, lakini peke yake hakutoshi.

Na angalieni njia: akishanyimwa na hakimu, hapeleki ombi jipya Mahakama Kuu. Anakata rufaa dhidi ya kule kunyimwa, na jaji mmoja atalazimika kuisikiliza.

Tulieleza kwamba mume wangu ndiye anayetulisha, watoto wanasoma, na ana kisukari. Mbona hatukusikilizwa? (Mke, Nakuru)

Dada, mlisikilizwa, ila hoja hizo mahakama ilishazipima zamani. Katika kesi ya Dominic Karanja ya 1986, Mahakama ya Rufaa ilisema shida za familia na tabia njema ya zamani si mambo ya kipekee, na ugonjwa nao si sababu ikiwa gereza lina matibabu. Kama gereza haliwezi kumtibu, daktari aandike hivyo waziwazi.

Inaniuma kuona familia ikimaliza fedha zake kwa ombi lililojaa machozi na lisilotaja kosa hata moja la hukumu. Jaji anatafuta jambo moja kwanza: je, rufaa hii ina nguvu kiasi kwamba kumweka mtu ndani hakuna maana? Basi someni hukumu mstari kwa mstari. Shahidi mmoja alimtambua usiku, na hakuna aliyeulizwa kuhusu mwanga? Mshtakiwa hakuelewa lugha ya korti, na kumbukumbu hazionyeshi mkalimani? Hati ya mashtaka inasema hiki, mashahidi wakasema kile? Hayo ndiyo ya kuweka mbele. Watoto watajwe, lakini baadaye.

Kaka amefungwa mwaka mmoja. Mwenendo wa kesi, yaani kumbukumbu za yaliyosemwa kortini, haujachapwa, na siku 14 za kukata rufaa zimepita. Tumechelewa? (Kijana, Voi)

Hapana. Kama mliomba nakala ya hukumu na mwenendo kisha mkacheleweshwa, sheria inaitaka mahakama iipokee rufaa nje ya muda. Hifadhini barua ya maombi yenye muhuri wa masijala na risiti, maana ndizo ushahidi wenu. Kifungu cha 50 cha Katiba kinampa haki ya kupata kumbukumbu hizo katika muda unaofaa, kwa ada ya kadiri. Mtu kumaliza kifungo kwa sababu karatasi hazijachapwa ni dhuluma, na nasema hivyo bila kusita.

Tena ufupi wa kifungo unamsaidia. Kesi ya Jivraj Shah, ya 1986 pia, ilisema masharti ya dhamana yanatimia pale rufaa inapoonekana huenda ikafaulu kwa hoja nzito ya sheria, na sehemu kubwa ya kifungo itakuwa imetumikiwa kabla haijasikilizwa. Yote mawili yaende pamoja. Wafungwa wengi hupunguziwa theluthi moja kwa mwenendo mzuri, hivyo mwaka wake huenda ukawa miezi minane. Hesabu hiyo iandikwe katika hati ya kiapo, tarehe kwa tarehe.

Akitoka kwa dhamana kisha rufaa ikashindwa, siku za nje zinahesabiwa? (Msomaji, Kakamega)

Hazihesabiwi. Atarudi kumalizia kifungo pale alipokiachia, na ni vivyo hivyo kama mahakama ilisimamisha adhabu mpaka rufaa isikilizwe. Pia Mahakama Kuu ina uwezo wa kuongeza adhabu, kwa hiyo jaji akitoa onyo la namna hiyo, lichukulieni kwa uzito na mzungumze na wakili siku hiyohiyo.

Kwa hiyo muulizeni wakili bila haya: rufaa inapinga hatia au urefu wa kifungo tu? Kama ni urefu tu, mara nyingi mimi hushauri fedha za kupigania dhamana zielekezwe kwenye kuharakisha nakala na kuomba tarehe ya mapema, huku siku zake za ndani zikiendelea kuhesabiwa.