Beetle yangu silinda moja imeshuka, fundi anataka kushusha injini

SWALI: Shikamoo mzee. Nina Beetle ya 1968, injini 1500, nimeachiwa na baba mdogo. Mlimani inapanda kwa shida, ukiiacha inaunguruma inamisi. Fundi kapima kompresheni (nguvu ya silinda kubana hewa) kwa psi: silinda ya 1 ni 100, ya 2 ni 98, ya 3 ni 60, ya 4 ni 95. Anasema zote zimechoka, nifanye ovaholi. Kweli? – Msomaji, Arusha

JIBU: Marahaba kijana. Hapana, subiri kwanza. Vitabu vinataka kama 100 mpaka 130 lakini Arusha mko juu mita 1,400 hivi, hewa nyepesi, geji lazima isome chini kidogo, kwa hiyo hizo tatu hazina shida kabisa, mgonjwa ni namba 3 peke yake, na kwa Beetle za miaka hiyo wala sishangai maana oili kula (kipoza oili) imekaa kwenye njia ya upepo wa silinda hiyo hiyo, inapikwa kuliko wenzake, valvu ya ekzosi ndo inaanza kuungua.

Asubuhi injini ikiwa baridi kabisa pimeni nafasi za valvu (upenyo kati ya valvu na roka inayoisukuma), zote ziwe 0.15 mm. Ukikuta ya ekzosi namba 3 imebana haina nafasi, irekebishe halafu endesha ipate moto upime kompresheni upya: plagi zote nne nje, waya wa koili toa, gia huru, akseleta kanyaga mpaka chini, betri iwe na nguvu, piga stata mpaka mshale ugome kupanda. (Wengi hawakanyagi akseleta, injini inakosa hewa halafu wanailaumu.)

Ile ya kumwagia oili kwenye tundu la plagi kujua kama ni ringi za pistoni usiitegemee sana hapa, silinda zimelala, oili inakaa upande wa chini tu. Bora mpulizie hewa ya kompresa pistoni ikiwa juu na valvu zimefunga: ikitokea ekzosi ni valvu, ikitokea pale unapojazia oili ni ringi.

Kompresheni ya namba 3 ikipanda ikakaribia wenzake, endelea kutembea ila rudia kupima nafasi baada ya wiki chache. Ikibana tena PAKI GARI, valvu inarefuka hiyo, ikikatika inapasua pistoni. Hapo injini itashuka kweli maana hedi (kifuniko cha silinda chenye valvu) haitoki injini ikiwa ndani, lakini unalipia hedi ya upande wa 3 na 4, sio ovaholi nzima.